Gede na watoto: vile unaweza kupanga siku, asubuhi magofuni mchana Mida

Kama uko Mombasa, Kilifi ama Malindi na likizo imefika na watoto wamejifungia na simu mpaka macho mekundu, wapeleke Gede. Najua utaniambia Gede ulishaenda na shule, mkapangwa laini mbili, mwalimu akapiga kelele msiguse msikimbie, mkaangalia kuta mkarudi kwa basi, na ukiulizwa leo uliona nini utasema kima. Hiyo haikuwa kuona Gede bana. Yale ni mahame ya mji mzima uliokuwa na watu, inakadiriwa kama 2,500 hivi, wana misikiti, wana vyoo ndani ya nyumba, wanakula kwa sahani za Uchina, halafu mwanzo wa miaka ya 1600 wakaondoka na msitu ukaingia. Mtoto akielewa hapo palikuwa na jirani, na duka, na mtu aliyegombana na mkewe, basi hata hutamlazimisha kutembea.

Na jambo ambalo nataka uliweke kichwani kabla hatujafika kwa nauli na chakula: usiende Gede peke yake. Asubuhi Gede, mchana Mida, ile hori ya bahari yenye mikoko hapo karibu. Sababu ni kwamba karibu kila kitu kilichojenga zile nyumba kilitoka huko baharini na kwenye mikoko, mawe ya matumbawe, chokaa, boriti, na mtoto akiona vyote viwili siku moja anaunganisha mwenyewe, huhitaji kumhubiria historia.

Kufika ni rahisi. Ukitoka Mombasa panda matatu ya Malindi, mwambie konda akushushe Gede, wote wanaijua. Ukishapita Kilifi utaona msitu wa Arabuko-Sokoke mkono wa kushoto unakwenda tu hauishi, huo ni msitu wa kilomita za mraba kama 420, na ukianza kuuacha ujue umekaribia. Kwenye makutano ya kwenda Watamu unashuka, unachukua tuktuk ama boda, kama watoto wamekua mnaweza kutembea maana si mbali, lakini mimi nasema hifadhi miguu yao ya ndani. Ukitoka Malindi ni karibu zaidi, matatu za Watamu zinapita hapo hapo. Mwenye gari binafsi hana shida, ila Mtwapa na foleni yake ihesabu, ukitoka Mombasa saa mbili asubuhi ushachelewa. Watu wa Nairobi mnaoshuka na treni ya SGR, msijaribu kufanya hii siku ile ile mliyofika, laleni kwanza.

Lenga kuwa getini saa tatu asubuhi. Si kwa ajili ya ratiba, ni kwa ajili ya joto. Mle ndani kuna kivuli kizuri, miti ni mikubwa kweli, lakini upepo wa bahari haufiki vile, ikifika saa sita ni kama umefunikwa na blanketi la maji, na mtoto mwenye jasho na mbu hana habari na karne ya 15. Miezi ya mvua kubwa, kuanzia Aprili mpaka Juni hivi, njia zinateleza na mbu wanazidi, inawezekana kwenda lakini viatu viwe vya maana. Viatu kwa kweli ni mwaka mzima, vya kufunika, si kandambili, kuna mizizi kila mahali na siafu wakati mwingine wanavuka njia. Kigari cha kusukuma mtoto wacha nyumbani, mdogo mbebe mgongoni na leso, utanishukuru.

Malipo: kiingilio cha raia ni tofauti na cha mgeni mkaazi na cha mtalii, na cha mtoto ni chini ya cha mkubwa, kwa hivyo beba kitambulisho. Siku hizi malipo ya makumbusho yanaenda kwa simu, hakikisha una chaji na salio kwa M-Pesa kabla hujafika, usianze kuhangaika pale getini na bando limeisha.

Chakula na kima

Hii naipa sehemu yake kwa sababu ndio inaharibu siku za watu. Gede kuna kima wengi, wamezoea watu, miaka mingi wageni walikuwa wanawapa ndizi wapige picha, sasa wao wanajua begi ni nini. Nimekaa nikamuona kima mmoja akivuta zipu ya begi la mtoto wa shule, taratiiibu, mkono mmoja umeshika kamba mwingine unavuta, kama mtu anayetafuta chenji yake, akatoa mfuko wa viazi karai akapanda nao juu ya ukuta akala hapo hapo anatuangalia. Watoto walicheka lakini mwenye viazi alilia. Basi: chakula chote kiache kwa gari ama kwa begi lililofungwa vizuri na usilifungue ndani ya magofu, hata peremende. Maji peke yake mkononi. Kuleni kabla ya kuingia, mahamri na chai ya thamosi kule nje, ama ngojeni mpaka Mida. Na usimpe kima chochote hata mtoto akilia, ukimpa mmoja watakuja wote, na kima akikosa anakwaruza, hapo tena siku imehamia hospitali.

Mwongozaji na mazungumzo yake

Chukua mwongozaji wa kuwatembeza. Wako pale getini, kubaliana naye bei kabla hamjaanza, na mwambie mapema vitu viwili. Kwanza aende mwendo wa watoto na aulize watoto badala ya kuwahutubia wazazi. Pili mambo ya majini. Hapo Gede hadithi za majini na za wazee wa zamani wanaolinda mji ziko nyingi, wenyeji Wagiriama wanazo, waongozaji wanazijua zote na wanazisimulia vizuri mno, mtoto wa miaka kumi atazifurahia lakini wa miaka minne hatalala wiki nzima na ni wewe utaamka naye usiku. Mimi humvuta mwongozaji kando namwambia, "Kaka, majini tafadhali tuyawache mpaka tufike getini kurudi," anacheka, anaelewa.

Sasa mle ndani usijaribu kuona kila kitu. Mji ulizungushiwa ukuta wa nje unaobeba hekta kama 18, na ukuta wa ndani, na yaliyochimbuliwa ni sehemu tu. Chagua vitu vinne vitano, kaeni hapo, ondokeni bado watoto wanataka zaidi. Mimi napenda hivi:

Anza na lile kaburi lenye tarehe. Limeandikwa mwaka wa 802 wa Hijria, yaani 1399. Mpe mtoto aliyeko darasa la tano hesabu ya kutoa, ni miaka mingapi tangu huyu mtu azikwe, mwenyewe atashangaa. Kabla ya Mreno hata mmoja kufika pwani hii, maana Vasco da Gama alifika Malindi 1498. Makaburi hayapandwi, hayakaliwi, hilo waambie kabla, wale ni wafu wa watu.

Halafu msikiti mkuu. Waulize watoto kibla kiko wapi kabla hujawaonyesha, kama ni watoto wa chuoni watakionyesha mara moja, na wakishakiona waambie watafute pale palipopachikwa bakuli za kaure. Kuna pia mkuki uliochongwa juu ya tao la mlango mmoja, anayeuona wa kwanza ndiye bingwa. Kisima na mahali pa kutawadha pako hapo hapo ubavuni, na mtoto anayetawadha kila siku haitaji maelezo, anaona tu kwamba hawa watu walikuwa wanafanya vile vile.

Visima vyenyewe ndio mahali pa kushika mkono wa mtoto, tena kwa nguvu, usimwamini hata yule mtulivu. Ni virefu. Lakini usivipite haraka kwa sababu ya woga maana ndani ya hivyo visima huenda kuna jibu la kwa nini mji ulikufa. Maji yalikuwa yanashuka chini, watu wakawa wanafuata kwa kuchimba zaidi, na mji wa watu elfu mbili na kitu bila maji hauna maisha. Kuna sababu nyingine zinazotajwa pia: Wazimba, wapiganaji waliotoka kusini, walipita pwani 1589 wakiharibu, sheikh wa Malindi akahamia Mombasa na Wareno miaka ya 1590, halafu mashambulizi ya Waoromo kutoka kaskazini. Mimi naona haikuwa sababu moja, ni kama vile mtu anahama nyumba, maji hayatoki, usalama hakuna, na jirani mwenye pesa ashaondoka. Waulize watoto wao wangehama kwa sababu gani, utasikia majibu ya ajabu, wangu mmoja alisema angehama kwa sababu ya intaneti.

Na kuna fumbo ambalo watoto wakubwa wanalipenda sana. Wareno walikaa Malindi miaka mingi, mwendo mfupi tu kutoka hapo, waliandika barua na ripoti za kila kitu, lakini Gede hawakuitaja. Mji mkubwa hivo! Hawakujua? Waliuita jina lingine? Wenyeji waliwaficha? Hakuna anayejua, na mwambie mtoto hivyo hivyo kwamba hakuna anayejua, ni vizuri wajue kuna maswali hata wakubwa hawana jibu.

Ikulu na zile nyumba za karibu yake ndio mahali pa kukaa muda mrefu. Nyumba zimepewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani mwanaakiolojia James Kirkman alipochimbua kuanzia 1948, kuna ya sarafu za Kichina, ya makasi, ya taa ya chuma, ya sanduku la pembe, ya ushanga wa Venice. Cheza na majina hayo. Mtoto asimame kwenye chumba aseme huyu mwenye makasi alikuwa fundi cherehani ama kinyozi ama tajiri wa kujionyesha tu. Ya sarafu za Kichina wape na hadithi ya twiga: mwaka 1415 Malindi ilipeleka twiga Uchina kwa mfalme, twiga mzima, kwa jahazi! Hapo hata baba aliyekuwa anaangalia simu ataiweka mfukoni.

Tafuteni chumba cha hazina, kile cha nyuma kisichokuwa na mlango. Walikuwa wanaingilia kitundu cha juu. Usiwaambie, waache watembee nje wakitafuta mlango mpaka wachoke, ndio uwaonyeshe. Na choo. Watoto wote wanataka kuona choo, usione haya, kipo, na kimejengwa vizuri kuliko baadhi ya vyoo tunavyolipia stendi leo.

Halafu jambo langu la boriti. Wakiwa ndani ya nyumba yoyote waambie wapime chumba kwa hatua, urefu na upana. Watagundua vyumba ni virefu lakini vyembamba, vyote, hata vya mfalme. Kwa nini mfalme alale kwenye chumba chembamba namna ile? Wape muda wakisie. Jibu ni juu, pale palipokuwa na dari: lilibebwa na boriti za mikoko zilizolazwa kutoka ukuta mpaka ukuta, na boriti ina urefu wake, mti wa mkoko haukuongezei mita kwa sababu wewe ni mfalme. Kwa hivyo nyumba ya Mswahili ilipimwa na mti. Ukienda Lamu leo utaona vyumba vya namna ile ile. Wakiguswa na hilo hapo, mchana wakifika Mida wataiangalia mikoko kwa macho mengine kabisa.

Na kabla hamjatoka, simameni mahali pasipo na kitu. Kati ya ule ukuta wa ndani na wa nje utaona uwazi, miti tu na majani, na ukiwauliza watoto hapa palikuwa na nini watasema hakuna. Hapo ndipo walipokuwa wanakaa watu wengi zaidi, wasio na mawe, nyumba za udongo na makuti kama za mabibi zetu, zimeoza zikaisha. Matajiri wametuachia kuta, maskini hawakutuachia kitu cha kupiga picha. Mimi naona hapo ndio mahali muhimu kuliko ikulu na hakuna anayesimama.

Kugusa ukuta kidogo si neno lakini kupanda hapana, matumbawe na chokaa ya miaka 600 inamomonyoka, na ukuta ukianguka hauanguki wenyewe tu. Kuandika majina usiniambie. Mahali pameingia kwenye orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO 2024, ingekuwa aibu "Brayo was here" ndio liwe la kwanza mtalii kusoma. Wenye hamu ya kupanda, kuna jukwaa la mbao lililojengwa kwenye mti, wapande hilo wauone mji kutoka juu, wakubwa wasimame chini.

Makumbusho ndogo iweke mwisho, si mwanzo. Ukianza nayo ni vigae tu ndani ya kioo. Ukimaliza nayo mtoto anasema aah hii ndio ile taa ya ile nyumba. Nusu saa inatosha kabisa.

Kama bado kuna nguvu, hapo hapo karibu na geti kuna Kipepeo, mradi ulioanza 1993 ambao wakulima wanaokaa kando ya msitu wanafuga viwavi, vikishageuka na kuingia kwenye ganda wanauzia mradi, na vinasafirishwa ng'ambo kwa maonyesho ya vipepeo. Watoto wadogo wanapapenda kuliko magofu, nisikudanganye. Na wazazi waone pia, kwamba msitu unaweza kumlipia mtu karo bila kukatwa.

Mida

Ratiba ya mchana inategemea maji, si saa. Kabla hujatoka nyumbani uliza ama angalia kwa simu maji yanapwa saa ngapi. Yakiwa yanatoka, tope linafunguka na ndege wanajaa, kaa wanatoka mashimoni kwa maelfu na mtoto hatataka kuondoka. Yakiwa yamejaa ni raha ya mtumbwi, maji yako mpaka kwenye majani ya mikoko. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu ama umeandama, tofauti ya kujaa na kupwa ni kubwa sana, za maji mafu katikati yake si sana. Vyote ni vizuri, ila jua unaenda kuona kipi usije ukamuahidi mtoto mtumbwi akakuta tope.

Kuna njia ya mbao inayoninginia juu ya mikoko, inayumba kidogo, waoga washike kamba. Hapo ndio umuulize aliyepima chumba asubuhi akutafutie boriti. Atafute mkoko ulionyooka wenye urefu wa chumba cha mfalme. Mwambie na matumbawe yalichomwa kwa tanuu yakawa chokaa. Kukata mkoko leo bila ruhusa ni kosa, waeleze, maana wangu mdogo alikuwa ashaanza kutafuta panga.

Chakula cha mchana kuleni upande wa Dabaso, kuna mkahawa wa kikundi cha wenyeji umejengwa juu ya mikoko, sambusa za kaa zao zimewapa jina. Weekend panajaa, na jikoni hawana haraka, kwa hivyo agiza kwanza halafu mwende kutembea kwenye mbao, mkirudi iko tayari. Kama bajeti imebana, toeni zile chapati na mayai mliyoficha kima wasione, kaeni kivulini. Madafu utayapata njiani.

Ufuo wa Watamu mimi nauwacha kwa siku nyingine. Watu wanapenda kubananisha vyote, magofu, Mida, kuogelea, wanarudi na watoto wamelala kwa chumvi na mchanga na hakuna anayekumbuka kitu. Ukilala Watamu sawa, ogeleeni kesho.

Kurudi, wa matatu msingoje giza, kwenye makutano jioni magari ya Mombasa mengi yanakuja yamejaa kutoka Malindi, na ukiwa na watoto watatu na begi konda anakuangalia kama mzigo. Saa kumi muwe mmesimama stendi. Kama yanapita tu, pandeni ya kurudi nyuma mpaka Malindi mkachukue kutoka mwanzo, mnakaa siti zenu vizuri, nauli kidogo imeongezeka lakini kila mtoto ana kiti chake na dirisha. Wenye gari mkiondoka saa kumi Mtwapa mtaikuta imechacha, bora mjazie Kilifi na chai na bhajia, mpite baadaye.